UZI: Mdogo wangu kapandikizwa figo, kaandikiwa "anywe maji salama". Salama kwa nani?

KataKavu

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kabla sijamkera daktari kwa mara ya nne.

Mdogo wangu katoka hospitali wiki iliyopita, kapandikizwa figo. Aliyeitoa ni mimi, kwa hiyo hata mimi bado natembea nimeshika ubavu. Mkiona nimeruka herufi mnivumilie. Tumepewa karatasi ya maelekezo, kurasa mbili. Dawa zimeelezwa saa kwa saa. Barakoa imeelezwa. Wenye mafua wakae mbali, imeelezwa. Halafu chini kabisa kuna mstari mmoja: "Anywe maji salama, angalau lita mbili na nusu kwa siku." Basi, imeisha hapo.

Nyumbani tuko sita na sote tunakunywa maji yale yale ya bomba. Mama anachemsha tangu tuko wadogo, na hakuna aliyewahi kulazwa kwa tumbo. Sasa hayo si salama? Kama ni salama kwetu, kwake kinabadilika nini? Shemeji kasema tuhamie maji ya chupa. Binamu kasema tufunge chujio. Jirani kasema tuyawekee klorini mara mbili ya kawaida. Kila mtu profesa.

Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hilo neno "salama" kwenye karatasi limepimwa kwa mwili wa nani?

MzeeJabali

Kijana, pole, na hongera kwa kumpa mdogo wako figo. Si wengi wangekubali. Ila mnajitia hofu bure. Nina miaka 71. Nimekunywa kisima, nimekunywa mto, nimekunywa maji ya mvua yaliyotiririka kwenye bati, na niko hapa nabishana nanyi. Mwili unazoea. Ukimlea mgonjwa kama yai, atakuwa yai. Mimi kinachonisumbua ni vidonda vya tumbo tu, na dawa yake nameza kila asubuhi.

BombaLetu

Mzee wangu, shikamoo. Waliokunywa wakafa hawawezi kuja humu kukujibu.

MzeeJabali

Marahaba. Umechekesha, ila hujajibu hoja.

ChujioLaPili

Nimefanya kazi maabara ya maji miaka 14, upande wa kupima tope na mabaki ya klorini. Sio daktari. Ya kwenye bomba nitayasema, ya kwenye mwili wenye fani yao watanisahihisha.

KataKavu, umeuliza swali ambalo sisi wa maabara hatuulizwi mara nyingi. Viwango vya maji vinatungwa kwa kuangalia umma wote kwa pamoja. Mtu akiharisha siku tatu akapona, kwenye hesabu za umma hiyo ni hatari ndogo. Sasa chukua kimelea kile kile umpe mtu ambaye kinga yake imeshushwa makusudi kwa dawa ili asiikatae figo. Siku tatu zinageuka wiki, wiki zinageuka miezi.

Mfano tunaofundishwa kila mwaka kazini ni wa Milwaukee, Marekani, 1993. Maji ya mtambo mmoja wa mji yalianza kuwa na tope kuliko kawaida, lakini bado yalikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Klorini ilikuwepo. Vipimo vya bakteria wa kinyesi vilitoka safi. Ndani ya wiki chache inakadiriwa watu zaidi ya 400,000 waliharisha. Wengi wao walipona wenyewe. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi, na karibu wote walikuwa wagonjwa wa UKIMWI, miaka ile ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika zilipo leo. Bomba moja na siku zile zile, mmoja akakosa kazi siku mbili, mwingine akazikwa.

Mhusika anaitwa kriptosporidiamu. Anatembea ndani ya kiganda kigumu chenye upana wa maikroni 4 hadi 6 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hicho kiganda ndicho kinachoishinda klorini. Kwa klorini ya kawaida ya bomba anaweza kukaa zaidi ya wiki nzima akiwa hai. Kwa hiyo jirani yako mwambie kwa upole kwamba kuzidisha mara mbili hakumuui huyu bwana, kunaharibu ladha tu na kumfanya mgonjwa anywe kidogo. Na mgonjwa wa figo mpya akinywa kidogo, hilo nalo ni tatizo.

Kinachomuua bila ubishi ni moto. Maji yachemke kwa nguvu, viputo vikubwa vikipanda kutoka chini hata ukikoroga havitulii, kwa dakika 1 kamili. Mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, kwa sababu huko maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100.

KataKavu

Mkuu umenifungua macho. Kwa hiyo hata sisi huenda tumeshawahi kukipata hicho kimelea tukadhani ni chakula?

ChujioLaPili

Inawezekana kabisa.

NesiWaUsiku

Nilikuwa nasoma tu ila hapa nimeona niingie. Nipo wodi ya figo, zamu nyingi za usiku.

KataKavu, kwanza jambo ambalo karatasi yako haikuandika na mimi ningeliandika kwa wino mwekundu. Mdogo wako akiharisha, hata siku moja, mpigieni daktari wake. Msisubiri wala msimnunulie dawa ya kufunga tumbo. Sababu ni mbili. Ya kwanza mnaijua, akikaukiwa maji figo mpya ndiyo inayoumia mwanzo. Ya pili wengi hawaijui. Kama yuko kwenye takrolimasi (dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo), kuharisha kunaweza kufanya kiwango cha dawa hiyo kipande kwenye damu, na kikipanda sana kinaumiza figo ile ile tunayoilinda. Mtu anaharisha, anaendelea kumeza vidonge vyake kwa uaminifu, kumbe dozi imeshageuka. Nimeona kijana analetwa siku ya tano ndugu wakisema "tulidhani ni tumbo tu". Hatukumlaumu mtu, ila siku nne zile zilikuwa na thamani.

Pili, maji hayaingii kwa kikombe tu. Barafu, maji ya kupigia mswaki, maji ya kuoshea matunda yanayoliwa mabichi, maji ya kuchanganyia juisi, yote yawe yaliyochemshwa. Watu wanachemsha ya kunywa kisha wanatupia kipande cha barafu cha bomba humo humo.

Na kuna maji ambayo hayaumizi kwa kunywewa bali kwa kuvutwa na pua. Bakteria wa lejionela hupenda maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, yaliyolala kwenye mabomba na matangi. Anaingia kwa mvuke wa bafu au mashine ya kuongeza unyevu chumbani, na anashambulia mapafu. Kama ana kifaa chochote cha kuvuta dawa kwa mvuke, kisisuuzwe na maji ya bomba yasiyochemshwa.

BombaLetu

Nesi swali la haraka. Baba yangu yeye bado hajapandikizwa, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Na yeye afuate haya?

NesiWaUsiku

Ya kunywa, ndiyo, ingawa yeye kiasi chake kimebanwa kwa hiyo anakunywa kidogo. Kwake maji makubwa ni yale ya mashine. Kipindi kimoja cha kusafisha damu kinatumia lita 120 hivi, na kati ya maji hayo na damu yake kuna utando mwembamba tu. Wewe ukinywa, utumbo na ini vinachuja kwanza. Yeye hana mlinzi huyo. Kwa mfano kloramini, dawa inayowekwa kwenye maji ya bomba ya miji mingi, ukiinywa haina shida, lakini ikipenya kwenye mashine inapasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana maji ya mashine yanapitishwa kwenye matangi ya mkaa na mitambo ya kuchuja mbali na ya kawaida.

Mwaka 1996, mji wa Caruaru huko Brazili, kipindi cha ukame, maji yaliyopelekwa kwa lori kwenye kituo cha kusafisha damu yalikuwa na sumu ya mwani wa bluu-kijani. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa ini kushindwa kufanya kazi. Ndugu wa mgonjwa una haki ya kuuliza kituo: maji yenu ya mashine mnayapima lini, nani anasaini? Uliza tu. Anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika, atakuonyesha daftari.

MamaPacha

Jamani mimi naona kila mtu anasema chemsha, chemsha. Mimi nina pacha wa miezi miwili, maziwa yangu hayatoshi, nawaongezea ya kopo. Maji yetu ni ya kisima. Nikisikia habari kama hizi nachemsha mara tatu. Yakipoa narudisha tena jikoni. Wifi yangu anasema nazidisha. Nani yuko sahihi?

ChujioLaPili

Dada, hapa naomba usome taratibu. Wifi yako yuko sahihi, ingawa huenda hajui kwa nini.

Moto unaua vilivyo hai. Hauondoi kilichoyeyuka. Na maji yanapopungua sufuriani kwa kuchemka, kilichoyeyuka kinabaki kwenye maji machache zaidi, yaani kinakolea. Kwa kisima kinachonihofisha ni nitrati. Inatoka kwenye mbolea, mazizi, vyoo vya shimo vilivyo karibu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Wewe ukiinywa kwa kiasi hicho huna habari. Mtoto wa chini ya miezi 6 tumbo lake halina asidi kali kama lako, bakteria wanaigeuza nitrati kuwa nitraiti, nayo inaifunga damu isibebe oksijeni. Mtoto anabadilika rangi kuzunguka midomo na kucha, anakuwa wa kijivu au bluu, wakati mwingine bila homa yoyote. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita, na kimewekwa kwa kumfikiria huyo mtoto wa chupa. Hapo angalau, KataKavu, kuna kiwango kimoja kilichopimwa kwa mwili dhaifu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupimisha kisima. Sio kuchemsha zaidi. Mpaka upate majibu, tumia maji mengine kwa chupa za watoto, ya chanzo kilichopimwa.

MamaPacha

Yesu wangu. Nilikuwa nafikiri nawalinda.

NesiWaUsiku

MamaPacha usijilaumu, tulia. Kama rangi yao ni nzuri na wananyonya vizuri, una muda wa kupimisha kisima. Ukiona ubluu, usisubiri majibu ya maabara ya maji, kimbilia hospitali na useme wazi kwamba wanatumia maziwa ya kopo na maji ya kisima. Taja hayo mawili pamoja. Na hayo maziwa yako machache endelea kuyatoa, nitrati unayokunywa wewe haikolei kwenye titi.

Jambo lingine. Unga wa maziwa wenyewe hauko bila vijidudu hata kopo likiwa jipya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70. Ukishachemsha, usiyaache yapoe zaidi ya nusu saa kabla ya kukoroga. Koroga yakiwa bado ya moto, kisha uipoze chupa kwenye bakuli la maji baridi, ujaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Akina mama wengi wanafanya kinyume, wanachemsha usiku, wanakoroga asubuhi na maji yaliyopoa.

BombaLetu

Na ya bomba nayo yana cha kuyeyuka?

ChujioLaPili

Risasi. Sio ya bunduki, ni yale madini. Mara nyingi haitoki mtamboni, inatoka kwenye mabomba ya zamani, viungio vilivyochomelewa na koki za shaba za nyumba yenyewe. Maji yakilala humo usiku kucha yanaichukua, na maji ya moto yanaichukua zaidi. Kwa mtoto mchanga na mjamzito hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kuchemsha hakusaidii kitu. Nyumba ikiwa ya zamani, asubuhi fungulia koki maji yakimbie kidogo (ya kwanza oshea vyombo au mwagilia maua), na ya kunywa au kupikia yachukuliwe kwenye koki ya baridi kila siku, hata kama unataka yachemke haraka. Halafu pima.

Na ile sumu ya mwani aliyoitaja Nesi pia haiondoki kwa moto. Ukiona ziwa au bwawa limetandwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, maji yake usiyachemshe ukadhani umeyatibu. Chembe za mwani zikipasuka kwa moto zinaachia sumu zaidi.

NyotaYaKumi

Nimesita kuandika ila jina langu humu halinijulishi kwa mtu.

Ninaishi na VVU miaka mingi. Kuna kipindi niliacha dawa, sababu zangu nitabaki nazo. CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ikashuka chini ya 100. Nikaanza kuharisha maji matupu, mara kumi na kitu kwa siku, bila damu, bila homa ya maana. Nilipima choo mara mbili, jibu "hakuna kilichoonekana". Nikapewa dawa ya amiba, nikapewa dawa ya bakteria, wapi. Nilipungua mpaka pete ikawa inadondoka kidoleni.

Kilichonisaidia ni daktari mmoja kijana aliyeandika kwenye fomu kwa mkono: watafute kriptosporidiamu, watie rangi maalumu. Kumbe kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakimwoni huyo mdudu mpaka aombwe kwa jina. Alipatikana. Nikauliza dawa yake, akaniambia ukweli, kwa mtu mwenye kinga ya chini kiasi kile dawa za kumuua hazifanyi kazi ya kuaminika. Tiba yangu ilikuwa kurudi kwenye dawa za kufubaza virusi na kunywa maji ya chumvi na sukari mpaka kinga inyanyuke. Ilichukua wiki nyingi. Kinga ilipopanda, tumbo likakauka lenyewe.

Nilisikia maji yalinitia hayo, lakini siwezi kuapa. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa ndama niliyekuwa namlisha. Ninachosema ni kwamba mwenye CD4 ya juu ya 200 anayemeza dawa zake vizuri hayuko pale nilipokuwa mimi. Msituweke wote kapu moja.

NesiWaUsiku

Asante dada/kaka Nyota. Hapo kwenye "aombwe kwa jina" KataKavu nakili.

KataKavu

Nimenakili. Nyota, asante kwa moyo wako.

Sasa naomba turudi kwenye chujio na chupa maana binamu tayari kaleta bei.

ChujioLaPili

Kwanza muulize binamu chujio hilo linazuia nini. "Linasafisha maji" sio jibu. Kuna vya mkaa vinavyoondoa harufu na klorini, vinaacha maji matamu na vimelea vikipita kama wageni waalikwa. Cha mgonjwa kiwe kimeandikwa maikroni 1 au chini, na kwamba hicho ndicho kipimo kamili cha tundu, sio cha wastani. Cha wastani kinaruhusu sehemu ya vilivyo vikubwa kuliko hapo vipenye. Au kiwe cha utando mwembamba unaosukumiwa maji kwa nguvu (wenyewe wanaita reverse osmosis), unaozuia hata chumvi. Kwenye boksi tafuta alama ya NSF/ANSI 53 au 58 (viwango vya Marekani vya kupimia machujio), pamoja na maneno kwamba kinaondoa viganda vya vimelea. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu 53 inaweza kutolewa kwa ajili ya risasi tu.

Tundu la maikroni 1 halizuii virusi. Kwa hiyo kwa mwili wa mdogo wako, chujio haliondoi haja ya kuchemsha kama maji yana mashaka.

Na hili watu hawaambiwi dukani: kichungi cha ndani kikichelewa kubadilishwa kinakuwa shamba la bakteria. Siku ya kukibadilisha, asikiguse mgonjwa. Abadilishe mwingine, avae glavu, anawe. Uchafu wote wa miezi sita uko pale mkononi.

Maji ya chupa sio neno moja. Mengine yamechujwa kwa ule utando, mengine ni ya chemchemi yaliyowekwa lebo nzuri. Lebo ikisema jinsi yalivyotibiwa, unayo habari. Ikionyesha mlima tu, huna. Taa ya miale ya urujuanimno (UV) inamuua kriptosporidiamu vizuri, ila maji yawe maangavu, maana kwenye tope kimelea kinajificha kivulini.

MzeeJabali

Yote hayo kwa glasi ya maji.

NesiWaUsiku

Mzee, shikamoo. Umesema unameza dawa ya vidonda kila asubuhi. Ni ipi?

MzeeJabali

Omeprazoli. Mwaka wa sita sasa.

NesiWaUsiku

Hiyo inapunguza asidi ya tumbo. Asidi ndiyo iliyokuwa askari wako mlangoni miaka yote ya kisima na mto, ilikuwa inaua sehemu kubwa ya ulichomeza kabla hakijafika utumboni. Sasa umempa likizo. Ongeza miaka 71, umri ambao kiu yenyewe inachelewa kuja, mtu anakaukiwa bila kuhisi. Sisemi uache dawa, usiiache bila daktari wako. Nasema tu kwamba uzi huu unakuhusu na wewe.

BombaLetu

Mzee kanyamaza 😅

Mwenyeji wa Mto

Mke wangu mimba ya miezi saba. Na yeye?

NesiWaUsiku

Ndiyo. Kuna homa ya ini aina ya E, inasambaa kwa maji yaliyoingiliwa na kinyesi. Kwa watu wengi ni manjano ya wiki kadhaa kisha inapita. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho inaweza kuua hadi mmoja kati ya wanne au watano wanaoipata. Moto unaimaliza. Macho yakianza unjano, hospitali siku hiyo hiyo.

KataKavu

Wakuu nimerudi. Leo nilikaa jikoni tangu asubuhi kama mpelelezi, nimeshika ubavu wangu, Mama akiniuliza kama nimekosa kazi.

Kwanza, kuchemsha. Mama anazima maji "yakiimba". Nimempigia saa: viputo vidogo pembeni, sufuria inalia, anazima. Hayajachemka kwa nguvu hata kidogo. Miaka thelathini.

Pili, akishazima anayamimina kwenye ndoo ya kila siku. Ndoo inafunikwa na sahani. Juu ya sahani kikombe cha bati. Nikahesabu kuanzia saa tatu hadi saa sita. Kikombe kimeingia ndani ya ndoo mara 14. Mpwa wangu wa miaka minne ameingia na kikombe na mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, maana maji yalikuwa yamefika chini. Alikuwa anatoka kucheza na mbwa. Mdogo wangu akaja nyuma yake, akachota, akameza vidonge vyake vya saa sita.

Nimekaa nikamwangalia anameza. Siwezi kuwaeleza.

ChujioLaPili

Umefanya ukaguzi ambao wengi wetu tunalipwa kuufanya.

Kuhusu kuimba usimlaumu sana. Vimelea vingi vinakufa kabla ya nyuzi 100, kwa hiyo Mama amewaokoa mara nyingi bila kujua. Ila jikoni hakuna kipimajoto, na kuimba kwa leo sio kuimba kwa kesho. Ile dakika 1 ya viputo vikubwa ndiyo inayokutoa kwenye kubahatisha.

Ndoo ndiyo kesi. Mtafutieni mdogo wako chombo chake, chenye mdomo mwembamba usioingia mkono, chenye koki chini na mfuniko wa kufunga. Maji yapoe ndani ya sufuria ile ile iliyochemshiwa, ikiwa imefunikwa, ndipo yamiminwe. Yasikae zaidi ya siku moja au mbili, maana yaliyochemshwa hayana klorini ya kuyalinda yakiingiliwa tena. Chombo kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, na ile koki isuguliwe kwa ndani. Wengi wanasahau koki.

KataKavu

Dumu lenye koki limeshapatikana, la lita kumi. Mama kalipandisha juu ya kabati na kuliandikia jina la mdogo wangu kwa rangi ya kucha. Mpwa kapewa kikombe chake chekundu na ndoo yake, kafurahi kuliko wote. Kazi iliyobaki ni barafu. Mdogo wangu anapenda barafu, na trei zile zinajazwa kwa bomba.

NesiWaUsiku

Jaza trei kwa maji ya lile dumu. Barafu ya zamani mwaga yote leo, hata ile ya nyuma kabisa. Na nje ya nyumba aseme "bila barafu", azoee kusema.

MamaPacha

Nimepeleka chupa ya maji maabara, majibu Alhamisi. Kwa sasa natumia maji ya kwa wifi, yake yamepimwa. Nimemwomba msamaha.

MzeeJabali

Swali. Hiyo dakika moja ni lazima iwe kamili au hata nusu inatosha? Gesi yangu inaelekea kuisha.

ChujioLaPili

Kamili, mzee. Funika sufuria, yatachemka mapema na gesi itapona.